Nani Atamuuliza Mefiboshethi?

Mkulima wa Kakonko hahitaji kufundishwa maana ya kipimo. Anajua debe, anajua sado, anajua kilo. Anajua pia lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka likavimba juu ya mdomo wake, likashonewa kilemba, kisha mnunuzi akalilipia kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na kila msimu tunatangaziwa hivyo, lakini mwenye shida ya ada ya mtoto hushona kilemba akanyamaza. Kwa hiyo Mithali inapotuambia kwamba Mungu anachukia mizani ya udanganyifu, watu wa huku hatuhitaji mahubiri marefu. Tumeubeba udanganyifu huo mgongoni.

Katika makala hii nataka tuzungumze juu ya kipimo kingine, ambacho nacho kina lumbesa yake. Tunapimaje ubora wa msaada wanaopewa watu wenye ulemavu wa akili? Nasema juu ya watoto walio katika vitengo maalumu vya shule zetu za msingi, vijana na watu wazima walio majumbani, na wale wanaoishi bwenini au kituoni, mikononi mwa walimu, matroni, walezi na wasaidizi wa diakonia. Mtu anaweza kusema hilo ni jambo la ofisi ya ustawi wa jamii. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba ni jambo la imani, na linatuhusu sisi tunaokaa kwenye mabenchi ya kanisa kila Jumapili.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Ulemavu wa akili si kichaa, ingawa mitaani tunavichanganya. Mtu mwenye ugonjwa wa akili anaweza kutibiwa akarudia kazi yake. Mtu mwenye ulemavu wa akili amezaliwa hivyo, au amepata hali hiyo angali mtoto: anajifunza polepole kuliko wenzake, na atahitaji msaada maisha yake yote, mwingine kwa mambo machache, mwingine kwa karibu kila kitu. Hakuna sindano itakayomwondolea hali hiyo. Kwa sababu hiyo, mtu anayemsaidia ana uzito usio wa kawaida. Kwake msaidizi ni kama barabara kwa kijiji: ikiwa nzuri watu wanafika sokoni na hospitalini, ikiwa mbovu mavuno yanaozea ghalani, hata yawe mazuri namna gani.

Katika usharika wetu yupo mama mmoja mjane ambaye mwanawe amepita miaka thelathini. Kijana haongei. Akitaka maji hugonga kikombe mara mbili. Akishiba huweka kiganja juu ya sahani. Akiogopa hushika sikio lake la kushoto na kuanza kuyumba. Mama anazijua ishara hizo kama mimi ninavyoijua liturujia. Siku moja baada ya ibada ya katikati ya wiki alibaki nyuma, akaniuliza, "Mchungaji, nikitangulia, nani atajua kwamba kikombe ni maji?"

Ndugu wapo, na watoto wa ndugu wapo. Sisi Waha hatumwachi mtu wetu barabarani. Mama yule hakuwa na wasiwasi kwamba mwanawe atakosa pa kulala au atakosa ugali wa muhogo. Aliogopa kwamba atakaa kati ya watu wenye huruma, ameshiba, amevaa, na kiu imemkaba, huku kila mtu akishangaa kwa nini leo anapiga kelele na kikombe. Tangu siku ile, nikisikia neno "ubora wa huduma," namkumbuka mama huyu. Kwake ubora una maana moja iliyo wazi: yuko mtu anayesikia kikombe.

Sasa tazama jinsi tunavyopima. Chukua taarifa ya diakonia ya usharika wowote, ufunike jina. Utakuta idadi ya waliohudumiwa, magodoro yaliyogawiwa, sabuni, sukari, pengine baiskeli za magurudumu matatu. Wageni wakija tunawapeleka kwenye vitanda vilivyotandikwa. Niliwahi kumsindikiza mgeni mmoja aliyekuja na fomu ya kukagua kituo. Aliuliza idadi ya vyoo, idadi ya vyandarua, walezi ni wangapi na watoto ni wangapi. Akajaza, akashukuru, akaondoka. Muda wote huo watoto walikuwa wamekaa kwenye benchi refu ukutani, kimya, mikono mapajani. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika benchi.

Sidharau vyandarua, malaria huku inaua. Wala sidharau kuta. Katika miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino, shule ya Kabanga kule Kasulu ilikuwa kimbilio lao, na sisi wa Kigoma tunajua kwamba yapo majira ambapo ukuta mrefu na lango lenye mlinzi ni jibu la maombi. Uhai hutangulia. Lakini uhai ukishalindwa, siku inabaki na saa 24, na mtu anaziishi moja moja. Ikiwa kati ya saa hizo zote hakuna hata moja aliyofanya jambo kwa mkono wake, au aliyochagua, au aliyojibiwa alipoita, basi taarifa yetu yenye magodoro arobaini ni lumbesa. Imejazwa kwa juu, na aliyepunjwa ni mtu asiyeweza kusema.

Biblia ina habari inayolihusu jambo hili moja kwa moja, na nashangaa kwa nini hatuihubiri hadi mwisho wake. Ni habari ya Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Ulemavu wake ulikuwa wa miguu, lakini kisa chake chote ni kisa cha wasaidizi. Alipokuwa na miaka mitano, yaya wake alimbeba akakimbia naye vitani, kwa haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete (2 Samweli 4). Baadaye Daudi akamtafuta kwa ajili ya Yonathani, akamrudishia mashamba, akamweka mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Hapo ndipo wengi wetu tunafunga Biblia na kusema Amina. Tunasahau kwamba katika sura hiyohiyo ya 9, Daudi alimwekea Mefiboshethi mtumishi: Siba, mwenye wana kumi na watano na watumwa ishirini. Kwa lugha ya leo, idadi ya wafanyakazi ilitosha na kubaki.

Endelea kusoma. Katika sura ya 16 Daudi anamkimbia Absalomu, na Siba anatokea njiani na punda waliotandikwa, mikate mia mbili, zabibu kavu, matunda na kiriba cha divai. Mfalme anauliza bwana wake yuko wapi. Siba anajibu kwamba amebaki Yerusalemu akiutazamia ufalme wa babu yake. Daudi, akiwa amechoka na akiwa ameitazama mikate, anampa Siba mali yote palepale. Mefiboshethi hakuulizwa. Ni katika sura ya 19, vita vimekwisha, ndipo anapofika mwenyewe mbele ya mfalme, miguu haijatunzwa, ndevu hazijakatwa, nguo hazijafuliwa tangu siku mfalme alipoondoka, na kueleza kwamba alitaka kutandikiwa punda aende na mfalme, lakini mtumishi wake alimdanganya.

Wataalamu wa Biblia hubishana nani kati ya wawili hao alisema kweli. Mimi naona jambo ambalo halina ubishi: mfalme mwema, mwenye nia njema, aliyeanza kwa wema wa ajabu, alipima huduma kwa kusikiliza taarifa ya mtoa huduma na kuitazama shehena aliyoileta. Wema wa mwanzo haukutosha. Meza ya mfalme haikutosha. Kati ya meza na mtu yupo Siba, na mtu asiyeweza kujitandikia punda anaishi au anakwama kwa kadiri Siba alivyo. Ezekieli 34 inafundisha vivyo hivyo: Mungu anapowakagua wachungaji haulizi wana fimbo ngapi. Anawatazama kondoo, mnyonge kama ametiwa nguvu na aliyevunjika kama amefungwa.

Kumbe basi msaada unapimwaje? Nilipokuwa Makumira nikisomea uchungaji, tulikuwa jirani na Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Mwanafunzi mmoja wa Patandi niliyefahamiana naye aliniambia neno ambalo limenifaa kuliko vitabu kadhaa nilivyotahiniwa. Alisema, "Ukitaka kujua kama nafundisha, usinitazame mimi. Tazama mikono ya mtoto."

Baadaye nilikuja kujua kwamba wapo waliofanya hivyo kwa utaratibu kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mji wa Andover kusini mwa Uingereza, watu wazima wenye ulemavu mkubwa wa akili waliwekwa katika nyumba za kawaida za mtaani badala ya hospitali kubwa. Wengi waliamini watu hao hawawezi lolote. Watafiti, miongoni mwao Jim Mansell na David Felce, walifuatilia maisha ndani ya nyumba hizo. Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa kuketi pembeni na kuandika, kila baada ya muda mfupi: sasa hivi mtu huyu anafanya nini, na nani anamsaidia?

Yaliyoonekana katika uchunguzi wa aina hii, huko na katika nchi nyingine, yanafaa kutushtua. Katika taasisi nyingi mtu mwenye ulemavu mkubwa alipata msaada wa kweli kwa dakika chache tu katika saa nzima. Kuongeza wafanyakazi peke yake hakukubadili mengi. Wakiwa wengi, mara nyingine waliongeza maongezi yao wenyewe. Kilicholeta tofauti ni namna msaidizi anavyosaidia. Mansell na mwenzake Julie Beadle-Brown, wa Chuo Kikuu cha Kent, walitengeneza kipimo chenye vipengele 15. Mkaguzi hukaa kama saa mbili, mara nyingi jioni chakula kinapoandaliwa, kisha hutoa alama kuanzia 0 hadi 3. Shughuli aliyopewa mtu ni ya kweli, au ni ya kumpotezea muda? Inalingana na umri wake, au mtu mzima anachezeshwa kama mtoto? Anapewa nafasi ya kuchagua? Kazi imegawanywa katika hatua ndogo anazoziweza? Maneno yanalingana na uelewa wake? Ishara zake zinaonekana na kujibiwa? Kuna upole katika sauti na mikono?

Na huko Marekani, tangu miaka ya 1990, shirika liitwalo The Council on Quality and Leadership linatumia kipimo kinachoanza kwa kuzungumza na mhudumiwa mwenyewe. Anaishi anakopenda? Ana marafiki? Nani aliamua afanye kazi anayofanya? Ndipo baadaye wanaulizwa wanaomsaidia. Nilipousoma utaratibu huo nilicheka peke yangu. Kwa maneno mengine, Mefiboshethi anaulizwa kabla ya Siba.

Mtu atasema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Hapana. Hakuna hata kimoja kati ya vipengele hivyo kinachohitaji umeme. Niliviona vyote nyuma ya nyumba moja ya hapa Kakonko, katika kuchambua maharage.

Wasichana wawili wa usharika, waliojitolea katika diakonia, walikuwa wakienda kwa zamu nyumbani kwa mama yule niliyemtaja, ili naye apate kwenda shambani au zahanati. Wa kwanza alikuwa mchapakazi. Alifika, akafagia, akafua, akachambua maharage yote kwa nusu saa, akamlisha kijana, akamfuta mdomo. Nyumba iling'aa. Kijana alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango tangu mwanzo hadi mwisho.

Wa pili alimletea ungo. Akamwaga maharage konzi moja tu. Akaokota jiwe, akamwonyesha, akalitupa. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa kijana, wakaokota pamoja la pili. La tatu alimgusa kiwiko tu. La nne alingoja. Aningoje mimi ninayetazama: alingoja muda ambao nilitaka kuinuka nikaliokote mwenyewe. Kijana akaokota punje nzuri, akaitupa. Msichana hakumkemea. Akaokota jiwe lingine, akamwonyesha tena. Ilipita saa nzima, na maharage yaliyochambuliwa hayakujaza bakuli. Katikati ya kazi kijana alipapasa kando akakikosa kikombe, akagonga ungo mara mbili. Msichana akainua uso. Akaenda kuleta maji.

Nani alisaidia vizuri? Ukihesabu maharage, wa kwanza. Ukipima msaada, wa pili, na mbali kabisa. Tena msaada wake ulikuwa na ukubwa tofauti kila mara: mkono juu ya mkono, kisha kidole kwenye kiwiko, kisha kungoja. Msaada mdogo kuliko hitaji humwacha mtu ashindwe. Msaada mkubwa kuliko hitaji humnyang'anya kazi yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kuishi nyumbani kwao miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumpa jembe. Amelishwa vizuri, na bado ni mgeni katika boma la baba yake.

Simlaumu msichana wa kwanza. Alifanya tulichokuwa tukikihesabu. Watumishi hufuata kipimo tunachowawekea. Ukihesabu sufuria safi utapata sufuria safi.

Ndiyo maana wazee wa kanisa na kamati ya diakonia tulikaa tukaandika maswali matano, kwa Kiswahili cha nyumbani, ambayo mtu yeyote anaweza kuyatumia akikaa saa moja mahali anaposaidiwa mtu mwenye ulemavu wa akili. La kwanza: katika saa hii, alifanya nini kwa mikono yake? La pili: alichagua nini, hata kama ni kati ya uji na chai tu? La tatu: aliposema, kwa neno au ishara au kelele, nani alisikia na alijibu nini? La nne: msaada ulitosha, ulipungua, au ulizidi? La tano: aliitwa kwa jina lake na kuguswa kwa heshima, au aliitwa kwa ulemavu wake na kuvutwa?

Pamoja na maswali yapo madaftari, la kila mtu lake. Ndani yake mama au mlezi huandika, au huandikiwa, ishara za mtu wake: kikombe ni maji, kiganja ni kushiba, sikio ni hofu. Msaidizi mpya hulisoma kabla hajaanza. Tunafahamu kwamba kwingineko kanisa letu limekwenda mbele zaidi, kama kule Irente, Lushoto, kwenye shule ya watoto hawa ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, au Moshi, ambako Dayosisi ya Kaskazini imekuwa na vituo vya kutwa kwa ajili yao. Sisi wilaya yetu yenyewe ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, na mengi bado ni machanga. Lakini daftari la kurasa 48 halimshindi mtu.

Yapo mashaka mawili niliyoyasikia, na yote mawili yanastahili jibu.

La kwanza ni la walezi. Wanasema, "Mchungaji, sisi tunajitolea, au tunalipwa posho isiyotosha sabuni. Sasa mnakuja kutupima?" Uchungu huu ni wa haki. Mkaguzi anayekuja na kalamu bila kuuliza mlezi amekula nini anaongeza mzigo. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba saa ya kutazama huisha kwa mtazamaji na msaidizi kukaa chini, na neno la kwanza ni lile jema lililoonekana. Tena mtazamaji naye hukamata ungo siku nyingine, atazamwe. Na usharika unaopima bila kulipa, bila kufundisha na bila kupumzisha, nao unajipima: utakuta umepungua.

La pili ni zito zaidi, na ni langu mwenyewe kama mtu wa kanisa la Martin Luther. Kupima watu wenye ulemavu kuna historia ya kutisha, na ndani ya historia hiyo tumo. Katika Mazungumzo ya Mezani, yaliyoandikwa na wanafunzi wa Luther, kuna habari ya mtoto wa Dessau ambaye huenda leo tungesema ana ulemavu mkubwa. Luther anaripotiwa kushauri mtoto yule auawe, akimwona kama mwili usio na roho. Tunamheshimu mwalimu wetu kwa Injili aliyotufunulia, na kwa Injili hiyohiyo tunasema kwamba hapo hakuinena. Miaka mia nne baadaye, katika Ujerumani ya Hitler, fomu zilitumwa kwenye taasisi tangu mwaka 1939 zikiuliza juu ya kila mgonjwa: ana ugonjwa gani, anaweza kazi gani? Kwa majibu ya fomu hizo, watu zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi kati ya mwaka 1940 na Agosti 1941, wengine wakichukuliwa kutoka vituo vya kanisa. Askofu wa Kilutheri wa Württemberg, Theophil Wurm, aliandika barua ya kupinga Julai 1940. Wengi walinyamaza.

Kwa hiyo nikisikia mtu akiogopa kipimo, simcheki. Lakini angalia fomu ile iliuliza nini. Ilimpima mtu. Iliuliza anafaa kiasi gani, ikamwekea thamani. Na sisi tuna fomu yetu hiyo bila karatasi, tunapouliza nyumbani, "Huyu naye atatusaidia nini?" tukaamua ada iende kwa mwingine, nguo mpya ziende kwa mwingine, na Jumapili mwingine ndiye aje kanisani.

Hapa ndipo imani yetu ya Kilutheri inapotusaidia kuliko sheria yoyote, hata ile Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010, ambayo naiheshimu. Tunaamini kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, pasipo matendo. Tunalikiri jambo hili kila mwaka siku ya Matengenezo, kwa nguvu, kama kwamba linawahusu wenye matendo mengi tu. Kijana yule wa ungo analiishi. Alibatizwa akiwa mchanga, hajaleta kitu mezani pa Mungu, wala hataleta. Thamani yake ilikwisha kuamuliwa msalabani, na haipo kwenye mizani ya mtu yeyote. Haipimwi.

Na kwa kuwa thamani yake haipimwi, huduma yetu kwake lazima ipimwe. Tusiposhika yote mawili tutaanguka. Tukimpima mtu, tunarudi Dessau. Tukikataa kupima huduma kwa kusema "tunatumika kwa upendo, Mungu anajua," tunamwachia Siba mashamba. Tena neema hiyohiyo inamwokoa msaidizi. Mlezi anayejua kwamba anapendwa na Mungu kabla hajafika kazini anaweza kusikia "leo msaada wako ulizidi" bila kuona kwamba amehukumiwa. Anayetafuta haki yake katika sifa za kazi hataweza; atatandika vitanda vizuri zaidi na kuficha benchi.

Bwana wetu mwenyewe alitupa mfano. Pale Yeriko, kipofu Bartimayo alipofikishwa mbele yake, kila mtu aliona tatizo lake ni nini. Hata hivyo Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Aliyejua yote aliuliza. Sisi tusiojua, tunafika na magodoro.

Washarika wenzangu, nawaomba mambo matatu. Kama una mtu wa namna hii nyumbani, anza daftari lake wiki hii, hata kwa kumtuma mtoto wa darasa la tano akuandikie. Kama unasaidia, mpe jembe: mpe konzi ya maharage, kisha ungoje. Na kama ni mzee wa kanisa, taarifa ya diakonia inaposomwa kwenye mkutano mkuu wa usharika, simama uulize ni nani aliyekaa na wahudumiwa saa moja, na walikuwa wakifanya nini. Swali hilo halina gharama, na halihitaji mfadhili.

Mama yule bado yu hai, tunamshukuru Mungu. Daftari la mwanawe lina kurasa kumi na moja, na mke wa mpwa wake ameanza kulisoma jioni akiwa amekaa naye. Juzi mama alinionyesha ukurasa ambao yeye hakuuandikisha. Mke wa mpwa alikuwa ameandika ishara mpya, ambayo mama mwenyewe hakuwahi kuiona kwa miaka thelathini: kijana akifurahi, husugua kidole gumba kwenye ukingo wa ungo. Mama alilia kidogo, kisha akaniambia niandike jambo hilo kwenye taarifa ya usharika. Nimeliandika, katika safu ya waliohudumiwa.